Mashua ya Maskini

Watu wengi huuliza kama umaskini ni udhuru. Huuliza mwenye deni, huuliza mwenye ahadi iliyomshinda, na huuliza aliyeifanya kazi ya watu nusu akaiacha. Sisi leo twataka kuliuliza swali hilo juu ya chombo cha tanga, kwani watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa chombo ni nini, na kwani katika chombo jibu la mtu halikawii kuonekana.

Lakini mfano wetu hatuuchukui Lamu, wala Pemba, wala Kilwa. Twauchukua Nyamisangura. Msomaji atauliza, ni wapi huko? Ni kata ya mji wa Tarime, katika mkoa wa Mara, kaskazini ya Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, juu katika nchi ya baridi ya Wakurya, watu wa ng'ombe na mahindi. Pale hapana jahazi wala mwamba wa kulipasua. Hata hivyo mtu akiteremka upande wa magharibi hufika Shirati, na hapo ndipo lilipo Ziwa Nyanza ambalo ramani huliita Victoria. Mpaka ilipokatwa wilaya ya Rorya mwaka 2007, ufuko huo ulikuwa wa wilaya ya Tarime hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa mlimani aweza kabisa kuwa na mali yake majini, kama vile wenye mashamba wa kwetu walivyokuwa na majahazi wasiyoyapanda hata siku moja.

Na tanga si geni katika ziwa hilo. Stanley alipolizunguka mwaka 1875 kwa mashua yake iliyochukuliwa vipande vipande kutoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, alipita ufuko ule wa mashariki. Na katika miaka hiyo hiyo alikuwako huko mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, aliyekwisha kuanza kujenga chombo cha mtindo wa kwetu katika maji ya Ukerewe. Basi tukisema juu ya mashua ya Nyanza hatutoki mbali sana na nyumbani.

Tumweke basi mtu wetu. Si mtu tunayemjua, ni mtu wa kufikiria tu, ingawa wa namna yake ni wengi. Ana duka dogo Nyamisangura. Baba yake amefariki akamwachia mashua ya tanga, iliyolala mchangani ziwani miaka kadhaa, kinywa kimeelekea mbinguni, mvua inaingia na kukauka, inaingia na kukauka. Anataka kuirudisha majini ichukue mizigo na watu baina ya vijiji vya ufukoni. Anataka tanga, si mashine, kwa sababu upepo hauuzwi kwa lita. Fedha alizo nazo ni kidogo, na nusu yake ni za kukopa.

Analeta fundi. Fundi anaizunguka mashua, anagonga mbao kwa nyundo na kusikiliza, kwani ubao mzima hulia na ubao uliooza hunyamaza. Anachukua kisu, anakidunga kando ya mkuku, nacho kinazama kama katika papai. Kisha anasema: "Bwana, mbao za juu ni salama. Lakini huku chini hizi tatu zimekwisha, mataruma mawili yamelika, na misumari yote ya upande huu ni kutu tupu."

Mwenye chombo anatazama fedha zake moyoni, anasema: "Fundi, zibaziba tu, kisha nipigie rangi nzuri. Mengine msimu ujao, Mungu akipenda."

Maneno haya ni ya kila siku. Husemwa Shirati, husemwa Mombasa, husemwa na mwenye nyumba ya kupangisha na mwenye gari la abiria. Na mtu anayeyasema huwa si mwovu. Ana watoto, ana deni, na rangi ni rahisi kuliko mbao. Ndiyo sababu yafaa tuyatazame taratibu badala ya kumtukana.

Kwanza tuseme haki ya umaskini, maana iko. Mtu mwenye fedha kidogo halazimiki kuwa na chombo kizuri. Tanga lake likiwa la magunia yaliyoungwa, hakuna ubaya, mradi mshono ni madhubuti na dasi ya pembeni ni nzima. Mlingoti ukiwa umetoka katika chombo kingine kilichokufa, vyema. Foromali ikiwa ni miti miwili iliyofungwa pamoja, ndivyo zilivyo foromali nyingi. Mashua ikiwa haina jina lililoandikwa ubavuni, wala nakshi ya omo, upepo hautaisukuma kidogo kwa ajili hiyo. Mataruma nayo, ambayo fundi wa mjini angeyakata katika mbao za kununua, hupatikana kwa mwenye subira ya kutembea na kutafuta tawi lililopinda lenyewe, na tawi hilo ni bora kuliko ubao uliokatwa, maana nyuzi za mti hulifuata pindo. Maskini ana kitu ambacho tajiri mara nyingi hana, nacho ni wakati. Aweza kuukausha ubao kivulini miezi, na kuingoja bei ishuke, na kufanya kazi ya mikono mwenyewe chini ya jicho la fundi.

Na aweza kujifunza mambo yasiyo na gharama. Mwenye mashua ya pwani huogopa mdudu wa baharini atoboaye ubao kutoka ndani, ndiyo maana wazee walikilaza chombo ubavu, wakakichoma chini kwa moto wa makuti, wakakipaka deheni ya chokaa na mafuta. Ziwani mdudu huyo hayuko, kwani haishi katika maji matamu. Walakini maji ya chumvi humhifadhi ubao kidogo, na maji ya mvua humwozesha. Kwa hiyo mashua ya Nyanza huuawa zaidi na mvua iliyotuama ndani kuliko na ziwa lenyewe. Laiti mashua ile ingalipinduliwa tangu mwanzo, au ikaezekwa kwa nyasi na kizibo chake kikatolewa, mbao zile tatu zingekuwa hai hata leo, na gharama yake ingekuwa jasho la asubuhi moja.

Haya yote ni katika ruhusa ya umaskini. Sasa tuje kwa yasiyokuwa ndani ya ruhusa hiyo.

Katika Suratul Kahf kiko kisa ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, cha Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema ambaye wanavyuoni wamemtaja kwa jina la Al-Khidhr. Walipanda merikebu, na yule mja akaitoboa. Imepokewa katika hadithi kuwa aling'oa ubao wake kwa tezo. Nabii Musa hakustahimili, akamuuliza kama ameitoboa ili awazamishe watu wake. Baadaye akafunuliwa sababu: merikebu ile ilikuwa ya maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na nyuma yao alikuwako mfalme akiteka kila chombo kizima kwa nguvu. Kwa kutiwa ila, chombo kiliwabakia wenyewe.

Kisa hiki mara nyingi husomwa kwa ajili ya elimu ya ghaibu, na ndivyo kinavyostahili. Lakini mtu wa vyombo akikisoma huona na jambo jingine. Merikebu ile ilikuwa na ila machoni na salama ndani. Aliyeitazama kutoka mbali aliidharau, na waliokuwamo walifika. Wafasiri wametaja hata namna ile nafasi ilivyozibwa baadaye, wengine wakasema kwa lami. Sasa iweke kando ya mashua ya mtu wetu iliyozibwazibwa na kupakwa rangi. Hii ni kinyume chake kabisa. Ina uzuri machoni na ila ndani. Atakayeitazama kutoka ufukoni ataipenda, ataingiza mkewe na gunia lake la mahindi, na watakaokuwamo ndio watakaoijua. Ila ya kwanza ilitiwa ili kuwaokoa maskini na mwenye nguvu. Ya pili inafichwa ili maskini mmoja apate nauli za maskini wenziwe.

Hatusemi rangi ni haramu. Rangi huulinda ubao na jua na maji. Tunasema ina zamu yake, na zamu yake ni ya mwisho. Fedha kidogo ikianza juu hufika chini imekwisha. Ikianza chini, yaweza kuishia juu na chombo kikabaki na sura ya kuchekwa. Chombo cha kuchekwa hakijamuua mtu.

Hapa mwenye chombo atasema: Mmesema vyema, lakini mbao tatu na mataruma mawili na misumari ya zinki ni fedha ambazo sina. Nifanye nini, niiache ioze? Hili ndilo swali la kweli, na wanaotoa mawaidha bila kulijibu humwacha mtu pale pale walipomkuta.

Ziwa hilo hilo la Nyanza lina jibu, nalo limeandikwa katika tarehe. Mwaka 1878 Mskoti mmoja, Alexander Mackay, mhandisi kwa elimu aliyekuja na wamisionari, alifika kusini ya ziwa akakuta mashua yao ya tanga iitwayo Daisy imelala katika hali mbaya. Akaitengeneza, wakaondoka mwezi wa Agosti kwenda Buganda. Siku chache baadaye tufani ikawatupa ufukoni upande wa magharibi na mashua ikavunjika. Hapakuwa na duka la mbao, wala seremala, wala fedha ambayo ingenunua kitu mahali pale. Dini ya mtu yule si yetu na safari yake haikuwa ya kutupendeza, lakini akili ya mikono haina kabila. Alichofanya ni kukata futi nane katikati ya mashua, kuzitoa, na kuvuta omo na tezi mpaka zikakutana. Kisha mbao za ile sehemu iliyotolewa akazitumia kuziba palipovunjika mbele na nyuma. Kazi ilichukua majuma manane. Mashua ikawa fupi, wakaingia majini tena, na mwezi wa Novemba wakafika Buganda.

Tafakari alichokataa na alichokubali. Alikuwa na mbao kidogo kuliko chombo alichokitaka. Angeweza kuitandaza uchache ule juu ya urefu wote, kiraka hapa na kiraka pale, akabaki na mashua ndefu isiyoaminika. Akakubali kupoteza urefu. Alipunguza ukubwa wa haja yake, hakupunguza uzima wa kazi.

Hili ndilo tunaloliona kuwa jibu la mtu wa Nyamisangura. Si lazima achukue msumeno akate mashua ya marehemu baba yake, ingawa hata hilo fundi hodari hulifanya. Lakini aweza kukata katika mengine. Aliyenuia kuchukua watu ishirini na aanze na mizigo mitupu. Aliyenuia kuvuka mpaka visiwani na apite kandokando ya ufuko, mahali ambapo chombo kikivuja mtu hushuka akasukuma. Aliyenuia msimu huu na angoje msimu wa pili. Auze nusu ya chombo kwa jirani, wawe washirika, ubao ununuliwe. Nusu ya mashua nzima ni mali kuliko mashua yote iliyooza. Kila moja katika haya linauma, maana linamtaka mtu ajulikane kuwa mali yake ni ndogo. Nadhani hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Rangi tunayoitaka mara nyingi si ya mashua.

Yuko atakayezuiwa na jambo jingine, la huruma. Atasema: nikibadilisha mbao hizi na mataruma haya, na mwakani nyingine, itabaki mashua ya baba yangu? Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, ameeleza kwamba watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagombana kama ni ile ile. Wazee wetu wa mitepe hawakugombana. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na kamba zilipochakaa zilishonwa upya, na mtepe ukaitwa jina lake lile lile. Naonelea walikuwa na haki. Mashua ya baba ni ile kazi yake, njia yake, na watu waliomwamini. Kuuacha ubao mbovu mahali pake kwa sababu mkono wa marehemu uliugusa, kisha kumkalisha mtoto wa watu juu yake, huko si kumheshimu marehemu.

Anayetaka kumbukumbu na afanye kumbukumbu waziwazi. Watu wa Sur, Oman, ambao majahazi yao wazee wetu waliyajua kila kaskazi, walichangishana fedha wakalinunua jahazi lao la zamani liitwalo Fat-h al-Khair, lililojengwa kwao mwaka 1951 na kisha kuuzwa Yemen. Wakalirudisha mwaka 1993, wakalitengeneza, na sasa linatazamwa juu ya nchi kavu. Ni jambo zuri, wala halimdhuru mtu, maana hakuna anayelipia nauli. Chombo cha kutazamwa na chombo cha kupandwa haviwezi kuhukumiwa kwa hukumu moja.

Turudi kwa abiria, ambaye mpaka sasa hatujamuuliza neno. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akaeleza kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akaikemea ghushi kwa maneno makali yanayojulikana. Tazama kuwa hakumlaumu kwa kunyeshewa. Mvua ilikuwa udhuru. Kuificha chini ya kavu haikuwa na udhuru. Na mnunuzi wa nafaka aliyedanganywa hurudi kesho akagombana. Abiria aliyedanganywa hana sokoni pa kurudi.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni hii, nasi hatupendi kuiruka: watu wa ufukoni ni maskini, barabara ya kuzunguka ni mbali, na wao wenyewe wakiambiwa kuwa chombo ni kibovu watapanda vivyo hivyo. Je, kuwaambia kutasaidia nini? Kutawasaidia wanaoweza kuchagua. Atakuwako atakayemwacha mtoto nyumbani, atakayengoja upepo utulie, atakayekaa karibu na ukingo badala ya kulala ngamani, atakayepeleka gunia na yeye akaenda kwa miguu. Mtu aliyeambiwa hufanya hesabu yake. Aliyefichwa amefanyiwa hesabu na mwingine. Lakini kuambiwa peke yake hakutoshi. Mgonjwa anayekimbizwa ng'ambo, na mama aliyefunga mwanawe mgongoni, ridhaa yao ni ya kulazimishwa na haja, na mtoto wa mgongoni hakuulizwa kabisa. Kwa hiyo kuna ubovu wa kutangazwa, kama vile tanga bovu au kiti kibovu, na kuna ubovu ambao hata ukitangazwa haufai kupandisha mtu, nao ni ule wa chini ya maji.

Nyanza imetufundisha mambo haya kwa bei kubwa. Mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 Mv Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Nasi wa bahari tuna yetu, Mv Spice Islander, usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 mbele ya Nungwi. Hivyo vilikuwa vyombo vya chuma na mashine, na kila kimoja kilijazwa kupita kadiri. Anayepakia kupita kadiri na anayepaka rangi juu ya uozo ni ndugu wawili; wote hujaziliza upungufu wa fedha zao kwa roho za watu.

Liko pia jukumu la fundi, na nadra kulisikia likitajwa. Fundi alikidunga kisu, akajua. Akiambiwa zibaziba tu, akaziba, elimu yake imekuwa pazia. Aweza kusema: nitatia mbao mbili ulizo na fedha zake, lakini sitakalafati juu ya ubao wa tatu uliokufa, na nikiulizwa ufukoni nitasema. Atapoteza kazi ile, labda na nyingine. Mwenye chombo naye asimpunguzie fundi ujira akidhani anabana matumizi, maana fundi aliyepunjwa hupunguza mahali pasipoonekana, na mahali hapo ndipo pa kwanza maji kupatafuta.

Na lile neno la mwisho, Mungu akipenda, ni neno tukufu na mahali pake si pale. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kamba ya ngamia kwa mtu wa Nyamisangura ni ubao wa tatu.

Tuseme ameununua. Ameungoja miezi minne, akauza mbuzi wawili, mashua imetiwa mbao zake, misumari imevishwa pamba yenye mafuta, nafasi zimekalafatiwa, na rangi hakuna, ni mafuta tu. Siku ya kushusha asipakie mtu. Ubao uliokaa nchi kavu husinyaa, na chombo kizima kabisa huvuja siku za kwanza mpaka mbao zivimbe na kubanana. Aiweke katika maji ya magoti, aipakie mawe ya uzito wa watu anaotaka kuwachukua, aiache. Kila asubuhi na kila jioni atoe maji kwa kata na kuzihesabu: siku ya kwanza huenda zikawa kata sitini, siku ya tatu ishirini, siku ya saba tano. Hesabu ikikataa kushuka, ayatoe mawe, aivute mchangani, amwite fundi tena. Ikishuka na kutulia, ayapunguze mawe, apandishe tanga na kuzunguka ghuba peke yake na fundi wake, upepo wa asubuhi kwanza, kisha ule wa alasiri ambao ziwani huwa mkali zaidi. Watu ufukoni wataitazama mashua isiyo na rangi ikienda na kurudi na mawe, na watamuuliza ataanza lini kuchukua abiria.